Ikilia, Watakuja na Nini?

Jumatatu yangu ya kwanza ya kustaafu niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikanywa chai, nikavaa ovaroli, halafu ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nikavuta stuli, nikapanda, nikabonyeza kitufe cha kitambua moshi cha sebuleni kwangu. Kikalia vizuri tu. Binti yangu akatoka chumbani amejifunga khanga, macho mekundu. "Mama, jamani! Si ulikijaribu jana?"

Nilikijaribu jana, ndiyo. Na juzi pia. Ndivyo nilivyo, na mkiona humu naandika kwa wasiwasi msiseme ni uzee. Ni kazi.

Nyinyi mnaobaki karakana mmeniuliza miaka yote kwa nini sikubali kusaini kazi mpaka nigonge milango ya majirani wa mteja. Mnacheka, mnasema Mama Nyamizi amekwenda kusalimia. Sasa nina nafasi ya kuwajibu. Vyeo nitaviacha, nilipata viwili, na kimoja kilifutwa pamoja na kiwanda chenyewe. Nataka kuwaeleza habari za king'ora kimoja nilichokifunga ukutani kwa mikono yangu, kazi safi, waya zimenyooka, na ambacho kilitaka kumuua mtu ambaye hakuwa ameiba hata sindano.

Nilianzia kiwanda kimoja cha pamba, huko Nyakato, kitengo cha tahadhari ya moto. Kitengo kilikuwa na watu wawili: mimi na Mzee Rwegasira. Mzee alikuwa Mhaya wa Bukoba, Mlutheri, mwembamba, mtu wa kunyoosha suruali hata akijua atatambaa juu ya dari siku nzima. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaniitikia "Marahaba, mwanangu," na badala ya kunionyesha meza yangu akanipeleka ghalani, akanishika mkono na kuuchomeka ndani ya robota la pamba mpaka kwenye kiwiko.

"Unasikia nini?"

"Joto kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Sikujua. Akanieleza kwamba pamba haina haraka. Inaweza kuungua ndani kwa ndani siku mbili huku nje ni nyeupe na nzuri, ndiyo maana mtu wa kazi hii hasubiri kuona, ananusa. Nilikwenda nyumbani siku ile nikanusa godoro langu. Mume wangu akauliza kama nimeanza kuumwa.

Jioni ya siku hiyohiyo, kabla ya kutoka kazini, Mzee alinipeleka kwenye kengele kubwa ya getini. Akaweka kidole kwenye kitufe, hakubonyeza. "Hii ikilia, watakuja na nini?"

Nikamjibu kwa utani, maana nilikuwa bado kijana mwenye mdomo. "Watakuja na miguu, Mzee."

Hakucheka. Akabonyeza. Kila mtu wa zamu akatoka ameshika kitu: huyu ndoo ya mchanga, huyu mpira wa maji, huyu koleo, na karani wa ghala ameshika daftari la majina ili ahesabu watu. "Umeona?" akasema. "Kuita watu ni rahisi, hata mbuzi anaweza. Kazi yetu ni wajue wanaitiwa nini." Nikaona ni maneno ya mzee anayependa kusikilizwa. Nilikuja kuyalipia.

Miaka ya tisini ikaingia, biashara ikafunguliwa, bidhaa zikajaa madukani, na viwanda vyetu vikaanza kukohoa. Tulipunguzwa sote wawili siku moja, kwa barua moja yenye makosa ya chapa. Mzee akakodi chumba nyuma ya gereji, hapohapo Nyakato, akaandika ubaoni kwa rangi nyekundu kwamba tunafunga kengele za wezi. Wezi ndio waliokuwa na soko. Watu walikuwa wameanza kununua televisheni na mafriji, na kila mwenye televisheni alikuwa hapati usingizi. Tukafunga ving'ora kwenye maduka, kwenye maghala ya samaki, kwenye nyumba za mlimani zinazotazama ziwa. Habari za moto hakuna aliyeuliza, mpaka alipokuja Mama Koku.

Mama Koku alikuwa mfamasia, mjane, amefanya kazi nje ya nchi miaka mingi na sasa amerudi kufungua duka lake la dawa. Alikuja na boksi la vitambua moshi sita, vyeupe, mviringo. Tuliviita visahani. Nyumbani kwake tayari palikuwa na king'ora cha mwizi tulichomfungia sisi wenyewe, milango ikivunjwa kinalia.

"Hivi vinalia ndani tu," alisema, "na mimi niko dukani mchana kutwa. Atakayesikia nani? Paka? Nataka vikinusa moshi, king'ora cha nje nacho kilie, majirani waje."

Mzee alikuwa kwao Bukoba kwenye msiba. Kazi ikawa yangu peke yangu, na nakiri nilifurahi. Visahani vile vilikuwa na waya mwembamba wa tatu, ambao kazi yake ni kuambiana: kimoja kikisikia moshi, vyote vinalia. Nikauchukua waya ule, nikaupeleka kwenye rilei ndogo, rilei ikawa inafungua njia ya umeme kwenda king'ora cha nje, kwa nguvu ya betri ya gari niliyoiweka kabatini kwenye korido, maana enzi zile za mgao huwezi kutegemea umeme wa ukutani. King'ora chenyewe kilikuwa kilekile cha mwizi. Kilikuwa juu kabisa chini ya paa, ndani ya kizimba cha nondo, mahali ambapo hata mtu mrefu akipanda juu ya pipa hafiki. Nilijisifu sana kwa kizimba kile. Nilijisemea, hapa mwizi atachoka mwenyewe.

Nilisikia aibu kidogo kutumia king'ora kimoja kwa mambo mawili. Nilisikia, nikaipuuza. Cha pili hakikupatikana mjini, mteja alikuwa na haraka, na mimi nilitaka Mzee arudi akute kazi imekwisha.

Siku tatu baadaye nilikuwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya jirani, nikasikia king'ora changu kinalia. Nilishuka mbio nikakuta uani kwa Mama Koku watu wamejaa, na mbele yao Masanja, fundi cherehani wa mtaa ule, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkuu wa sungusungu, walinzi wa mtaa, pale. Hapakuwa na mwizi wala moto. Walikuwa wale wadudu wa ziwani. Mnawajua, wale wadogo ambao asubuhi hupanda juu ya maji kwa wingi hadi mgeni anaapa ziwa linaungua. Upepo ukiwaleta mjini wanaingia kila tundu, na kisahani hakina akili ya kutofautisha mdudu na moshi.

Niliwaomba radhi, nikafungua visahani, nikavipiga brashi ya rangi, nikavivika kipande cha soksi ya nailoni ili wadudu wasipite. Na wakati nafanya hivyo nilikuwa natabasamu. Dakika tano hazikufika, watu wote wale wamekuja! Nilihesabu watu, nikahesabu dakika. Mikono yao sikuitazama. Ndiyo, niliona rungu la Masanja. Niliona panga, niliona mama mmoja ameshika mchi wa kinu na bado una unga. Niliona, nikacheka, nikamwambia, "Mama, na wewe umo?" Akacheka pia.

Mimi ni Msukuma wa Magu. Kwetu mtu akipiga yowe bila kutaja neno, wanaume hawaulizi. Wanachukua silaha kwanza, maana yowe lisilo na neno ni la ng'ombe walioibiwa. Mama yangu jiko lilipoungua alipiga yowe na katikati yake akataja, "Moto! Moto!", nao wakaja na mitungi. Nimekulia humo. Halafu nikafunga ukutani kitu kinachopiga yowe na hakiwezi kutaja neno, nikaenda zangu kula ugali.

Soksi haikuwazuia wadudu wote. King'ora kililia bure tena, na tena. Mara ya tatu Masanja alinisimamisha njiani. Hakuwa na hasira nami. "Fundi, hawa wezi wana mbinu," akasema. "Tukifika hatumkuti mtu. Lakini safari ijayo hatumkosi."

Sikulala vizuri baada ya maneno yale. Mzee aliporudi kutoka Bukoba nikampeleka kwa Mama Koku. Alizunguka nyumba, mikono nyuma. Alitazama rilei, akatazama betri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatoka nje, akatazama kizimba changu cha nondo.

"Kazi safi," akasema. "Lakini mwizi na moto umewapa mdomo mmoja."

"Mzee, king'ora cha pili hakipatikani."

"Kengele ya shule inapatikana."

"Mama Koku hataki kengele ya shule ukutani kwake. Anasema nyumba itaonekana shule ya msingi."

Akanitazama kwa lile jicho lake la ghalani. "Nyamizi. Ikilia, watakuja na nini?"

Safari hii sikuwa na utani. Tukakubaliana kwamba Jumapili, baada ya ibada, yeye kwa Walutheri na mimi misani, tukutane tupande huko tukautenganishe mdomo ule. Ilikuwa Ijumaa. Nilimwambia twende kesho, akasema kesho ana kazi ghalani kwa watu. Siku mbili tu, tukasema.

Ndani ya siku zile nyumba ya Mama Koku ilikuwa na mtu mpya. Aliitwa Deusi, mwanaume wa karibu miaka thelathini kutoka Ukerewe, aliyepunguzwa kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba. Mama Koku alimchukua amlindie nyumba na bustani. Alikuwa na wiki moja pale. Majirani walikuwa hawajamjua sura, na mwenyewe alikuwa mpole, haya nyingi, hatoki getini.

Jumapili asubuhi Mama Koku alikuwa anapiga pasi gauni la kanisani, umeme ukakatika. Akaiacha pasi palepale kitandani, akavaa gauni lenye mikunjo, akaondoka. Nani kati yetu hajafanya hivyo wakati wa mgao? Saa nne umeme ukarudi. Pasi ikaendelea na kazi yake.

Mimi na Mzee tulikuwa chini ya mlima, tunapanda taratibu, mimi na gauni langu la Jumapili na mkobani nimeweka bisibisi na brashi. King'ora kikaanza. Nilitazama upande wa ziwa. Wadudu walikuwa wamepanda, ukuta mzima. Nikasema, "Ah, hao wadudu tena." Tukaendelea kwa mwendo uleule. Nilisimama hata nikamwamkia bibi mmoja, tukaulizana habari za nyumbani. Jamani, nilisimama. Nimekiri kwa padri kitu hicho, akaniambia si dhambi, na bado kila nikikutana na mtu anayependa salamu ndefu namkatiza.

Mzee ndiye aliyenusa kwanza. Alisimama ghafla, pua juu. "Nyamizi, hiyo ni sponji ya godoro inaungua."

Tukakimbia. Mzee alikuwa na miaka yake sitini na zaidi na alinipita.

Getini tulikuta duara la watu. Katikati, chini, alikuwepo Deusi. Kando yake televisheni, imefunikwa shuka la maua, kioo kimepasuka. Alikuwa ameingia motoni akafanya alichofundishwa kinuni: okoa mali. Alifunika televisheni kwa shuka isikwaruzwe, akaibeba kifuani, akatoka nayo mbio, anakohoa, mgeni ambaye hakuna aliyemjua, na juu ya kichwa chake king'ora cha mwizi kinapiga kelele. Walimuuliza yeye ni nani. Moshi ulikuwa umemkaba koo, hakuweza kujibu.

Nilimwona Masanja ameinua rungu. Nilimsikia mtu anasema mwingine akimbie akalete tairi, na mnajua tairi ni la nini.

"Moto!" nilipiga kelele. "Anakaa hapa! Ni moto!"

Hakuna aliyesikia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwao na hakuna aliyesikia, kwa sababu king'ora changu kilikuwa kizuri. Nilikuwa nimekichagua kwa ukali wake. Nilimvuta shati mtu mmoja, akanisukuma bila hata kugeuka. Moshi ulikuwa unatoka chini ya paa waziwazi, na baadaye Masanja aliniambia, "Tuliuona. Tulidhani ni wadudu."

Mzee hakupiga kelele. Alivua kofia yake, akapenya katikati ya watu, akaketi chini na suruali yake iliyonyooshwa, halafu akamlalia Deusi kifudifudi, akafunika kichwa cha yule mtu kwa kichwa chake chenye mvi. Alipigwa mbili kabla hawajaona wanampiga nani. Wakasita. Niliona midomo ya Masanja inasema, "Mzee, toka." Mzee hakutoka.

Nilijua hawatasita muda mrefu. Nikatazama juu kwenye king'ora, ndani ya kizimba changu cha nondo, mahali ambapo hata mtu mrefu juu ya pipa hafiki. Nilitamani kulia. Basi nikazunguka nyuma, nikaingia kwa mlango wa jikoni.

Moshi ulikuwa umeshuka hadi kifuani. Nilitambaa. Nilikuwa naijua korido ile, kabati ni la pili kushoto, na bado niligonga kichwa kwenye la kwanza. Chumba cha kulala kilikuwa kinanguruma. Nikafungua kabati, nikaishika betri. Nilikuwa nimekaza vichwa vyake kwa spana, kwa nguvu zote, visije vikalegea. Vidole havikuweza. Nikaushika waya niliokuwa nimeubana mwenyewe kwenye rilei, nikauzungusha kiganjani, nikaweka mguu ukutani, nikavuta. Ulinikata nyama. Nikavuta tena, ukatoka.

Kimya kile nakikumbuka kuliko kelele zote. Nje nikasikia mtu anakohoa, na sauti ya Mzee, ya taratibu kabisa, inasema, "Ni mtu wa nyumbani. Geukeni mtazame nyumba. Ni mtu wa nyumbani."

Nilipotoka nje nikiwa mweusi, damu mkononi, nikasema neno moja tu, "Ndoo!", na walikuwa tayari wanakimbia. Masanja ndiye aliyeleta ya kwanza. Mama wa mchi aliuangusha mchi, akabeba beseni. Waliuzima. Chumba na nusu ya paa vilikwenda, sebule ikabaki. Watu walewale, mikono ileile, na hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Deusi alikaa hospitali wiki nyingi. Taya liliunga, sikio la kushoto halikusikia tena. Mama Koku alikwenda kila siku na supu, na nilipojaribu kumwomba radhi akaninyamazisha kwa mkono. "Pasi ni yangu," akasema. "King'ora ni chako. Rungu ni la Masanja. Tutagawana." Masanja naye alikuja wodini siku moja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, hakuweza kuingia. Mzee alitembea amepinda bega tangu siku ile. Hakunikumbusha hata mara moja aliyoniambia. Ningependa angenikumbusha.

Baada ya hapo tulitenganisha midomo kwa kila nyumba tuliyofunga. King'ora kwa mwizi, kengele ya shule kwa moto, na taa nyekundu juu yake. Mteja asiyetaka kengele ukutani tulimrudishia visahani vyake, hatukufunga. Na kila nyumba tulitembea kwa majirani mlango kwa mlango, tukabonyeza wakiwa wamesimama pale, tukasema: hii ni mwizi, hii ni moto, kwa hii njooni na maji. Masanja alitembea nasi mtaani kwake. Wengine walituona vichaa. Ndiyo hiyo salamu mnayoicheka.

Miaka michache baadaye, Mzee Rwegasira akiwa ameshazikwa kwao Bukoba, alikuja mtu karakana akasimama akinigeuzia sikio la kulia. Ni Deusi. Alikuwa ameoa, anauza mitumba pale Buzuruga, na amepanga nyumba ndogo Igogo kati ya mawe. Chumba cha mbele marobota ya nguo hadi darini, chumba cha nyuma analala yeye, mkewe, na mtoto wao Anna wa miaka mitatu. Na mlango ni mmoja. Nilipoona marobota yale nilichomeka mkono ndani ya moja mpaka kwenye kiwiko. Sikuweza kujizuia.

"Nakufungia visahani viwili," nikasema. "Na kengele ya nje."

"Ndani weka, dada fundi," akasema. "Nje usiweke."

"Deusi, ukiwa Buzuruga na mama Anna amelala na mtoto, nani atajua?"

Akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. "Ikilia, watakuja na nini?"

Nikamwambia twende. Tulipita nyumba zote zilizotuzunguka, juu na chini ya mawe, yeye nyuma yangu hatua mbili. Nikawaeleza, nikawaonyesha taa, nikawaomba Jumamosi alasiri wakisikia kengele waje na maji, ni jaribio. Bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akasema yeye ndoo haiwezi, magoti. Nikamwambia aje na anachoweza.

Jumamosi nikabonyeza. Kengele ikagonga mtaa mzima, na wakaja. Ndoo, madebe, beseni, sufuria. Bibi wa mchele alikuja wa mwisho na kikombe cha bati kimejaa maji, amekishika kwa mikono miwili asimwage. Nilitaka kucheka kwa furaha. Halafu nikatambua kwamba mwenye nyumba hajatoka.

Tulisubiri. Kengele inalia, watu wameshika maji, mlango umefungwa. Nikausukuma, nikaingia. Deusi alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine kwenye sikio lake bovu. Mkewe yuko Buzuruga kwenye mitumba, na Anna yuko sakafuni anacheza na kifungo cha shati.

"Mlango haufunguki," akaniambia.

Nilikuwa nimeingia kwa mlango huohuo. Nikaelewa. Miaka yote ile nilihofia watakaokuja. Sikuwa nimemfikiria mtu ambaye kengele ikilia atabaki ndani ya moto kwa sababu nje kuna watu.

Nikazima. Nikawaomba majirani wavumilie, tunarudia. Mara ya pili mlango ulifunguka na Deusi akatoka, mikono ameinua juu, viganja wazi, vitupu, ili kila mtu aone hana kitu. Wawili watatu walicheka. Halafu mtu akawanong'oneza, wakaacha.

Nikamsogelea. "Na Anna?"

"Yuko ndani."

"Nani atamtoa?"

"Nikitoka nimebeba kitu, dada..."

Nikamwambia, "Rudi ndani. Tunarudia." Akarudi. Hakuna jirani aliyeondoka, ingawa mikono ilikuwa imewachoka na jua la Igogo linajulikana. Nikabonyeza mara ya tatu.

Mlango ulifunguka kidogo, ukasimama. Nikaona jicho lake. Alikuwa hatazami nyuso; alitazama mikono, wa kwanza, wa pili, wa tatu, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho wa mstari. Kisha akatoka amembeba Anna kifuani kwa mikono yote miwili, na bibi wa mchele, aliyekuwa nyuma ya wote, akainua kikombe chake juu ya vichwa vya watu ili na yeye aonekane amekuja na nini.